LOL: neno la kicheko lililopoteza kicheko chake

Utangulizi

Katika mazungumzo ya walimu wa Idara limezuka swali dogo ambalo limekataa kuisha. Mwanafunzi anapoandika barua ya kirafiki kwa Kiswahili, kisha akamaliza sentensi kwa herufi tatu za lol, mwalimu afanye nini? Wako wanaosema tulipigie mstari mwekundu na kukata alama. Wako wanaosema lugha ni ya vijana, tuwaache. Makala hii haikusudii kuamua ugomvi huo kwa amri. Inakusudia kueleza neno hilo lilitoka wapi, lilikuwa na maana gani, limekuwa na maana gani sasa, na Kiswahili chenyewe kinasema nini juu ya kicheko. Mwalimu akishayajua hayo, kalamu nyekundu itajua yenyewe pa kukaa.

Tuanze na mfano wa aina tunayoiona mara kwa mara katika mazoezi ya kuandika: "Nilikosa gari la Muyinga nikalala stendi lol." Tujiulize, ni nani anayecheka hapa? Aliyelala stendi hakuona cha kuchekesha usiku ule. Anayesoma hachekeshwi. Basi neno hili ambalo kila kijana atakuambia kuwa maana yake ni kucheka, hapa linafanya kazi nyingine kabisa. Ndiyo sababu linastahili kuchunguzwa.

Asili ya neno lenyewe

LOL ni akronimu, yaani neno lililoundwa kwa kuchukua herufi za mwanzo za maneno kadhaa, kama tulivyopata UKIMWI kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini. Maneno yake kwa Kiingereza ni laughing out loud, yaani kucheka kwa sauti, kucheka hadi jirani akasikia.

Kabla yake, watu waliokuwa wakiwasiliana bila kuonana walikwisha kupata shida ya namna ya kupeleka kicheko mbali. Waendeshaji wa redio waliotumia alama za Morse walikuwa wakigonga hi hi. Herufi hizo kwa Morse ni nukta tupu, nne kisha mbili, na zikigongwa haraka husikika kama mtu anayecheka. Zamani zaidi, mwishoni mwa karne ya 10, mtawa wa Uingereza aitwaye Ælfric aliandika kitabu cha sarufi ya Kilatini kwa ajili ya wanafunzi wake. Humo alieleza kwamba ha ha na he he ni alama za kicheko katika Kilatini na katika Kiingereza pia. Kwa hiyo mwalimu wa lugha kujishughulisha na namna ya kuandika kicheko si jambo la kizazi cha simu za mkononi. Lina miaka zaidi ya elfu moja.

LOL yenyewe ilizaliwa miaka ya 1980, wakati kompyuta chache za Marekani Kaskazini zilipoanza kuunganishwa kwa njia ya simu. Mkanada mmoja wa Calgary amesimulia kwamba yeye ndiye wa kwanza kuiandika, siku alipochekeshwa na rafiki yake hadi akacheka peke yake chumbani. Simulizi hiyo ni yake. Ushahidi wa maandishi unaotajwa sana ni wa tarehe 8 Mei 1989, katika jarida la FidoNews lililokuwa likitolewa na mtandao wa FidoNet, ulioanzishwa mwaka 1984. Katika orodha ya vifupisho vilivyotumiwa na wanachama, LOL ilikuwamo. Tutazame jambo hilo vizuri: neno hili halikutokea kwanza katika riwaya wala gazeti kubwa, bali katika jarida dogo la watu wa kundi moja, kama hili mnalolisoma.

Ujumbe mfupi wa simu ulipoenea duniani, uliruhusu herufi 160 tu, na kila ujumbe ulilipiwa. Kifupisho cha herufi tatu kilikuwa akiba ya fedha. Machi 2011, wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford waliiingiza LOL pamoja na OMG. Walipofanya hivyo walikumbusha kwamba herufi hizo hizo ziliwahi kuwa na maana nyingine: mwaka 1960 zilikuwa kifupi cha maneno yenye maana ya bibi kizee mdogo. Na kwa watu wengi wa makamo huko Uingereza zilikuwa salamu ya mwisho wa barua, lots of love, yaani mapenzi tele.

Mgongano huo wa maana ulimfikia hata Waziri Mkuu. Tarehe 11 Mei 2012, mhariri wa zamani wa magazeti, Rebekah Brooks, alikuwa akitoa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Leveson mjini London. Alieleza kwamba David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alikuwa akimalizia baadhi ya ujumbe wake kwa LOL akidhani anatuma mapenzi, mpaka alipoambiwa kwamba anatuma kicheko. Uingereza ilicheka. Lakini fikirini kosa hilo hilo katika ujumbe wa rambirambi uliotumwa kwa mtu aliyefiwa. Hapo hakuna wa kucheka.

Kicheko kinavyotoweka ndani ya neno

Mwanaisimu wa Marekani John McWhorter alieleza mwaka 2013 kwamba LOL haina tena maana ya kucheka kwa sauti. Imekuwa kipashio cha kulainisha mazungumzo. Anayeandika lol anamwambia mwenzake: tuko pamoja, usilichukulie neno langu kwa uzito. Kwa maneno mengine, imeacha kuwa habari na imekuwa adabu.

Hili tunalielewa vizuri sisi wasemaji wa Kiswahili. Tunayo maneno kama jamani, bwana, eti na basi, ambayo mgeni akiyatafuta katika kamusi hupata maana moja, lakini akiyasikia katika mazungumzo hukuta yanafanya kazi nyingine. "Njoo bwana" si lazima aambiwe mwanamume. Tukirudi kwa mwanafunzi wetu aliyelala stendi, lol yake ni sawa na kusema, "Lakini msinionee huruma sana, yamekwisha."

Kwa kuwa neno limechakaa, vijana wanatafuta jingine la kubeba kicheko cha kweli. Mwaka 2015 Oxford ilichagua kuwa neno la mwaka kitu kisicho neno: kile kikaragosi cha uso unaotoa machozi ya kucheka. Nacho kimeanza kuchakaa kwa njia hiyo hiyo.

Lugha nyingine zilijitengenezea za kwao. Wafaransa huandika mdr, mort de rire, yaani nimekufa kwa kicheko. Waspania huandika jajaja kwa kuwa j yao hutamkwa kama h. Watu wa Thailand huandika 555, kwa sababu tarakimu ya tano katika lugha yao hutamkwa ha. Wajapani huandika w, herufi ya kwanza ya neno lao la kucheka, warai.

Hapa kwetu mikondo hiyo inakutana. Mwanafunzi wa Gitega aliyesoma kwa Kifaransa hufika na mdr. Mwenzake wa Muyinga, jirani na mpaka wa Kobero, ana ndugu na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Ngara na kurudi. Pengine wazazi wake walikulia katika kambi ya Lukole upande wa Tanzania, iliyofungwa mwaka 2008. Huyo huja na teh teh teh na kwi kwi kwi za vijana wa Kitanzania. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiingereza nacho kimeongeza nguvu, na pamoja nacho lol. Darasa moja linaweza kucheka kwa lugha tatu kabla ya kufika kwenye Kiswahili.

Tuongeze angalizo moja la kifonolojia. Neno la Kiswahili cha asili huishia kwa irabu, na kihisishi chetu cha mshangao ni Lo! Mwanafunzi asiyekijua Kiingereza akiona lol katika sentensi ya Kiswahili anaweza kuisoma kama Lo! iliyoandikwa vibaya. Maana hubadilika hapo hapo: "Nilikosa gari lo!" ni malalamiko, na "Nilikosa gari lol" ni utani.

Kucheka: shina la Kibantu

Sasa tuangalie hazina yetu wenyewe. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamerejesha shina la kale lenye umbo la -cek- kwa maana ya kucheka, na watoto wake wameenea Afrika nzima ya kati na kusini: Kiganda okuseka, Kihaya okusheka, Kinyarwanda guseka, Kilingala koseka, Kishona kuseka, Kizulu ukuhleka, Kiswahili kucheka. Kirundi hupenda zaidi kutumia gutwenga. Katika lahaja za kaskazini mwa Pwani, kama Kimvita na Kiamu, kitenzi hiki ni kuteka. Wanafunzi wakikutana nacho katika mashairi ya kale wasidhani kwamba mtu anateka maji.

Shina hili tangu zamani halikumaanisha furaha peke yake. Mfano mkubwa uko karibu na sisi, katika mkoa wa Kagera ambao unapakana na Muyinga. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kilienea kwa wenzao. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari Rankin na Philip waliochapisha taarifa yake mwaka 1963 walieleza kwamba kicheko kilichanganyika na kilio na wasiwasi, na hawakukuta sumu wala vijidudu. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka, kwa kitenzi chao cha okusheka. Habari hii husimuliwa duniani kama kichekesho. Lakini waliokuwepo waliona watoto wanaoteseka. Neno kucheka liliubeba mzigo huo bila taabu, kwa sababu ndani ya Kibantu kucheka ni kitendo cha mwili kwanza, na sababu yake hutafutwa baadaye.

Maneno yaliyokopwa na kazi yaliyopewa

Kiswahili kilikwisha kukopa maneno ya kicheko karne nyingi kabla ya LOL, kutoka Kiarabu. Tazama tabasamu, mzaha, masihara, istihzai na dhihaka. Hebu tulichukue hili la mwisho. Katika Kiarabu, dhahika ni kucheka tu, hata kwa mtoto mchanga. Lilipoingia katika Kiswahili, dhihaka haikuweza kuchukua nafasi ya kicheko, maana nafasi ilikuwa na mwenyewe. Ikapewa chumba kidogo cha pembeni: kicheko cha kumdharau mtu. Tabasamu nayo ikapewa kicheko kisicho na sauti. Mzaha na masihara yakachukua maneno ya kuchekesha.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo ningependa wanafunzi waikumbuke. Neno la kicheko likisafiri kutoka lugha moja hadi nyingine, hufika limepungukiwa na cheko na kuongezewa kazi maalumu. Katika isimu tunaita kufinyika kwa maana. Dhihaka ilifinyika ilipovuka bahari, na LOL imefinyika ndani ya Kiingereza chenyewe kabla hata haijatufikia. Kilichobaki bila kutikisika ni cheka.

Dhihaka ina ndugu mwingine tunayemjua wote. Wataalamu wa lugha za Kisemiti huliunganisha shina hilo la Kiarabu na shina la Kiebrania lililotoa jina Isaka, lenye maana ya "anacheka". Wakristo wanasoma habari ya kicheko cha Sara katika kitabu cha Mwanzo, na Waislamu wanaisoma katika Sura ya Hud. Katika madarasa yetu ambamo Isaka na Isihaka hukaa dawati moja, mwalimu anaweza kuanza somo zima la asili ya maneno kwa majina ya wanafunzi wake.

Kicheko chenye mwelekeo

Ubora mkubwa wa kitenzi cheka uko katika mnyambuliko wake. Linganisha sentensi hizi:

Alicheka. Hatujui alimcheka nani.
Alinicheka. Mimi ndimi niliyechekwa, na nimeumia.
Alicheka nami. Tulifurahi pamoja.
Alinichekea. Alinionyesha uso wa bashasha, au alinilegezea.
Alichekelea. Aliridhika moyoni.
Alinichekesha. Yeye ndiye chanzo.
Tulichekana. Kila mmoja alimcheka mwenzake.

Kiambishi kimoja, au kiunganishi kimoja, kinatosha kutuambia kicheko kimetoka kwa nani, kimekwenda kwa nani, na kimebeba nini. Hata methali hutegemea jambo hili. "Ukicheka na nyani utavuna mabua" haizungumzii kumcheka nyani, bali kumwonea muhali. Mwanafunzi akibadilisha na akaweka "ukimcheka nyani", methali imekufa. LOL haina kiambishi. Haina mtenda wala mtendwa. Ni kicheko kisicho na anwani, na hapo ndipo inapoweza kumdhuru mtu.

Chukua kikundi cha darasa kwenye simu. Mwanafunzi anayeanza anajikaza na kuandika, "Kesho nitaenda Muyinga pamoja na mtoto yangu." Mwenzake anajibu, "lol." Amecheka naye? Amemcheka? Amecheka kosa la upatanisho wa kisarufi, au habari ya safari? Aliyeandika hawezi kujua. Anayeanza lugha huwa mwepesi kuchagua maana inayomuumiza. Baada ya hapo ananyamaza, na mwalimu anashangaa kwa nini haandiki tena.

Katika nchi yetu jambo hili lina historia. Kiswahili kilifika kwa wafanyabiashara na askari, kikatumika katika utawala wa Wajerumani, ambao mwaka 1912 waliamua kuhamishia makao yao Gitega. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 na baadaye, hakikupewa nafasi shuleni. Kilibaki katika mitaa ya Waswahili, Buyenzi kule Bujumbura, na katika mitaa ya namna hiyo ya Gitega na Muyinga. Kwa muda mrefu kumwita mtu Umuswahili kulikuwa na harufu ya kumwita mjanja au mwongo. Kwa hiyo aliyekisema hadharani alijua hatari ya kuchekwa, na aliyekisema vibaya alichekwa mara mbili: na wasiokipenda, halafu na wanaokijua. Kilipoingia katika shule za msingi katikati ya miaka ya 2000, walimu wengi waliingia darasani na kumbukumbu hiyo. Tusiirudishe kwa herufi tatu.

Hitimisho

Kutokana na hayo, maoni yangu ni haya. Katika insha, ripoti, barua rasmi na rambirambi, lol haina nafasi. Sababu si ugeni wake, maana dhihaka nayo ilikuwa ngeni. Sababu ni kwamba haisemi jambo wazi pale ambapo msomaji anahitaji uwazi. Katika mazungumzo ya wahusika vijana ndani ya hadithi au mchezo wa kuigiza, mwandishi anaweza kuitumia kama anavyotumia lugha yoyote ya mtaani, mradi ajue inamchora mhusika wa namna gani. Katika vikundi vya darasa, tuwazoeze wanafunzi kuandika kitenzi kizima: "umenichekesha", "nacheka nawe", "sikucheki wewe". Maneno hayo hayagharimu chochote siku hizi, na yanaokoa urafiki.

Na kwa anayetaka kicheko kikubwa chenye sauti, Kiswahili hakijamnyima. Kuna kuangua kicheko, kuna kuvunjika mbavu, kuna kucheka hadi machozi, kuna meno yote nje. Anayefundisha semi hizi ana silaha bora kuliko kalamu nyekundu, kwani mwanafunzi hukimbilia lol pale alipokosa la kusema.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Kusanya ujumbe kumi wenye lol, mdr au teh teh kutoka kwenye simu yako mwenyewe. Bila kutaja majina, eleza ni mingapi ambamo mtu alicheka kweli.
2. Iandike upya kila sentensi kwa kutumia mnyambuliko unaofaa wa kitenzi cheka.
3. Tafuta semi tatu za Kirundi zinazotumia gutwenga, kisha jadili na wenzako kama zina mwelekeo sawa na zile za Kiswahili.